Siku Muhogo Ulipopewa Heshima ya Mwenyeji

Mheshimiwa Akida Mwinjuma, uliyekuja kwa niaba ya Bwana Mkubwa wa boma. Waheshimiwa majumbe wenzangu wa Handeni na wa Korogwe. Mzee Habakuki wa Magoma, pamoja na wazee wote mliovuka Mto Ruvu na kulala njiani ili mfike hapa. Shehe wetu, na ndugu zetu Wakristo mlioteremka kutoka milimani. Akina mama mlioketi nasi, na ninyi mlioko jikoni, ambao bila ninyi mkutano huu ungekwisha kabla ya adhuhuri. Ndugu zangu wa Kang'ata. Na mwisho, kwa heshima ya peke yake, mkwe wangu, ambaye namwamkia huku nimetazama ghala la jirani: wazee wangu shikamooni, na wengine wote nawasalimu kwa furaha.

Wageni wa mbali msidhani nina shingo mbovu. Mama wa mke wangu ameketi mstari wa mbele kabisa, mkono wa kulia wa Akida, na kwetu sisi Wazigua mkwe hatazamwi usoni, jina lake halitajwi, na mtu hatafuni kitu mbele yake. Mheshimiwa Akida, wewe ni mtu wa Pangani, ulipanga viti kwa nia njema, ukamweka mama huyu mbele kama inavyomstahili, nami ukaniweka nisimame mbele yake niseme. Sina neno. Nitasema nikiwa nimegeukia ghala, na anayetaka kuniona uso ahamie upande ule.

Ndugu wageni waalikwa, leo tumekutanika kusherehekea azimio la baraza letu lililoupa muhogo heshima ya mwenyeji katika nchi hii ya Handeni na Korogwe. Nimeombwa nieleze azimio hili lilipatikanaje na limetufanyia nini, kwa kuwa mimi Mhina, jumbe wenu, nilikuwapo mwanzo mpaka mwisho, na kwa kuwa hakuna mtu katika nchi hii aliyeogopa kuliko mimi. Bwana Mkubwa ametutumia salamu kwamba amepatwa na kazi. Kwa hiyo, Mheshimiwa Akida, maneno yangu mazuri utampelekea, na yale mengine naomba yakudondoke njiani.

Mnakumbuka amri ilivyokuja. Kila jumbe awe na shamba la pamba, liwe karibu na barabara, na udongo uwe mweusi. Wakaja watu wa boma na kamba zao, wakapima hapa, wakapima pale, wakafika chini ya kilima, mahali ambapo udongo ni mweusi kuliko pote Kang'ata, wakachomeka vijiti. Vijiti vile vilizunguka shamba la muhogo la mkwe wangu. Nikaambiwa, Jumbe, kabla ya mvua za vuli watu wako wang'oe kila kitu humo, na wewe ndiwe utakayewasimamia.

Sasa niwaulize ninyi mliooa: ni nani kati yenu angepeleka watu wenye majembe kwenye shamba la mkwe wake? Mimi siruhusiwi hata kukatiza humo bila kukohoa. Nikikutana naye njiani naingia kichakani, na mara nyingine kichaka chenyewe kina upupu. Leo niende nikasimame katikati ya shamba lake niseme, ng'oeni?

Na si shamba la hivi hivi. Ninyi wakubwa mnaijua njaa iliyokuja baada ya nzige. Mtama ulikwisha, mahindi yakawa hadithi, watu wakala mizizi ya porini. Mama huyu alikuwa na kipande kimoja cha muhogo kilichobaki ardhini, kwa kuwa nzige hula majani na kuruka, hawachimbi. Alilisha watoto wake kwa kipande kile, na njaa ilipopungua, kila aliyekuja kuomba vipando alikatiwa akapewa. Nitazameni wote mlio na shamba la muhogo katika Kang'ata. Je, yupo ambaye vipando vyake havikutoka chini ya kilima kile? Hayupo, nami namwona binti wa dada yake anatikisa kichwa pale nyuma.

Nilipofika nyumbani na habari ile, mke wangu Mwaija alikuwa anachagua maharage. Sikuanza kwa kupayuka, nilizunguka nikasema habari za barabara, nikasema habari za pamba, na watu wa nchi za huko wanavyovaa nguo za pamba. Akaniacha nimalize. Kisha akasema, "Mume wangu, jembe likiingia shamba la mama, mimi natoka." Akaendelea kuchagua maharage. Kesho yake akaona hakuna haja ya kungoja jembe. Akachukua mkeka wake na kibuyu chake, akaenda kwa mama yake, akaniachia maharage yaliyochaguliwa.

Basi ndugu zangu, mimi nilibaki katikati. Nikiipuuza amri ya boma, mnajua kinachompata jumbe anayeipuuza. Mmewaona waliofungwa mnyororo wakilima barabara. Nikiitii, sina mke, sina mkwe, na sina uso wa kuonyesha katika Kang'ata. Nilikwenda kwa Mheshimiwa Akida kuomba msaada, naye alinikaribisha kahawa, akanisikiliza kwa upole sana, akasema, "Jumbe Mhina, mkwe wako namheshimu, lakini shauri hili limekwisha." Sikulaumu, Mheshimiwa. Kahawa ilikuwa nzuri.

Hapo ndipo tulipoitwa Korogwe kwenye baraza.

Ninyi ambao hamjapata kuketi katika baraza lile, nitawaambia kazi yake. Amri hatuna uwezo nazo. Kodi hatuna uwezo nayo. Tunachoruhusiwa ni kushukuru, kupongeza na kuheshimu. Mwaka mmoja tulipongeza daraja. Mwaka mwingine tulishukuru kwa ajili ya saa kubwa ya stesheni, ambayo nusu yetu hatukujua kuisoma. Tunanyoosha mikono, azimio linaandikwa, muhuri wa boma unapigwa, tunarudi makwetu. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kudhani maneno yale yana uzito wowote, na nadhani Bwana Mkubwa naye hakudhani.

Safari hii tuliambiwa tuiheshimu pamba, kwa ajili ya sikukuu ya kuzaliwa kwa Kaisari. Mikono ikaanza kupanda. Mkono wangu nao ulikuwa njiani. Ndipo Mzee Habakuki akasimama.

Mzee Habakuki, nakusifu mbele ya watu wote, na nitakusifu kwa ukweli. Wewe ni mtu unayependa kubishana kuliko kula. Ulisimama ukasema, "Bwana Mkubwa, pamba ni mgeni, imekuja juzi. Kwetu mgeni hasalimiwi kabla ya mwenyeji. Tukiiheshimu pamba peke yake, watu watauliza, mwenyeji amekufa? Kwanza tumheshimu mwenyeji, halafu mgeni." Bwana Mkubwa alipenda maneno yale. Alisema ni desturi nzuri, tuchague zao la mwenyeji upesi, yaandikwe yote mawili.

Upesi? Bwana Mkubwa ni mtu mwerevu, lakini siku ile hakuwajua watu aliokuwa nao. Watu wa Mashewa wakasema mwenyeji ni mahindi. Watu wa Handeni tukasema mtama, kwa kuwa babu zetu walizikwa wakiwa wamekula mtama. Wa milimani wakasema ndizi, wakaombwa wakae chini kwanza. Mzee Habakuki alisema mahindi, akasema tena mahindi, na alipochoka kusema akawa anapiga meza kwa kiganja. Nasema hivyo, Mzee wangu, kwa sababu jana jioni nimesikia ukiwaambia vijana kwamba uliutazamia muhogo tangu mwanzo. Hukuutazamia. Hakuna mwanamume katika baraza lile aliyeutaja muhogo. Muhogo si tunasema ni chakula cha wanawake na cha siku mbaya? Tunaula nyumbani mlango ukiwa umefungwa, tukitoka nje tunajifuta mdomo na kuuliza mtama una bei gani.

Jua likapanda, likapita kichwani, bado tunagombana. Wali uliotazamiwa haukuwapo, maana mchele ulikuwa haujashuka kwenye gari la moshi. Akina mama wa Korogwe wakaleta walichokuwa nacho, masinia ya muhogo wa kuchemsha na maharage. Tukala. Watu wa mahindi wakala, watu wa mtama tukala, na wa ndizi wakaomba waongezewe. Ugomvi wenyewe uliendelea huku midomo imejaa. Bwana Mkubwa, ambaye farasi wake alikuwa amekwisha kutandikwa, akachungulia mlangoni akauliza, "Mnakula nini?" Akajibiwa, "Muhogo, Bwana." Akasema, "Basi andikeni muhogo, niende zangu."

Hivyo ndivyo lilivyoandikwa azimio tunalolisherehekea leo: kwamba baraza la Handeni na Korogwe linautambua muhogo kuwa mwenyeji wa nchi hii, na linaupa heshima zote za mwenyeji, na kwamba linaikaribisha pamba kama mgeni wa mwenyeji huyo. Muhuri ukapigwa. Tulicheka njia nzima. Mimi nilicheka kidogo, kwa sababu nilikuwa narudi kwenye nyumba isiyo na mtu.

Sasa, desturi ya jumbe ni kwamba lolote lenye muhuri hulitangaza kwa ngoma, liwe kodi au liwe pongezi. Nikatangaza. Nikasema muhogo umepewa heshima zote za mwenyeji, pamba ni mgeni wake. Nikaenda kulala. Siku ya kung'oa ikafika, askari akaja kutoka boma, nami nikawaita watu, wakaja na majembe mabegani. Tukafika chini ya kilima. Watu wakaketi ukingoni mwa shamba, majembe wakayalaza chini, vile vile wanavyoketi uani kwa mtu kabla ya kuambiwa karibu.

Nikasema, simameni. Hawakusimama. Hawakunikaidi, naomba hilo lieleweke vizuri, Mheshimiwa Akida. Simeo, fundi wa paa, ndiye aliyenijibu, na alinijibu kwa adabu. Alisema, "Jumbe, wewe mwenyewe ulitutangazia kwamba huyu ndiye mwenyeji, na kwamba pamba ni mgeni wake. Tukimng'oa mwenyeji leo, mgeni atapokelewa na nani?"

Nikamtazama askari. Askari akaomba aelezwe. Nikamweleza azimio la Korogwe, akauliza lina muhuri gani. Nikamwambia muhuri ule ule wa amri aliyoileta yeye. Akavua kofia, akaketi na watu. Alikuwa mtu mwelewa, alilelewa vizuri na mama yake, popote alipo Mungu amzidishie.

Ndugu zangu, ninyi mlicheka siku ile, mimi sikucheka. Habari za vita vya kusini mlizisikia, sitazirudia katika siku njema kama hii. Mnajua watu wengine walianza kwa kukataa pamba, na mnajua walimaliza wapi. Nilikwenda Handeni peke yangu, na njia nzima nilikuwa napanga maneno na kuyapangua. Nilipoingia bomani, Bwana Mkubwa aliniuliza neno moja tu: "Mmekataa?"

Nikasema, "Hatukukataa, Bwana. Tunauliza. Amri yako inasema tumng'oe, muhuri wako wa Korogwe unasema tumheshimu. Tuvunje upi?"

Nilisikia nzi akizunguka kwenye wino. Kwa mara ya kwanza niliona kwamba naye ni mtu mwenye mkubwa wake, na kwamba hakutamani hata kidogo kuandika kwenda kwa mkubwa huyo kwamba Kang'ata wamekataa pamba, wala kwamba yeye mwenyewe amemng'oa mwenyeji aliyemheshimu kwa mkono wake. Akasema, "Nitakuja."

Akaja. Na hapa, Mheshimiwa Akida, ndipo unapotakiwa uyadondoshe maneno yangu, kwa maana ulikuwapo na uliyaona. Bwana Mkubwa aliketi uani kwa mkwe wangu kuzungumza naye. Mkwe wangu hasemi Kiswahili. Bwana Mkubwa hasemi Kizigua. Wewe Akida hukisemi. Mwaija anavisema vyote viwili, lakini siku ile alisema Kiswahili chake kimekwisha. Nikabaki mimi, nami siruhusiwi kuonana na mkwe wangu. Ikabidi nisimame nyuma ya ukuta wa jiko. Bwana Mkubwa akisema, nilisema na ukuta kwa Kizigua. Mwaija, ambaye hakuwa akisema nami, aliyapokea upande wa pili akampelekea mama yake. Na majibu yakarudi kwa njia hiyo hiyo. Nilikuwa na moshi machoni na kuku miguuni, na ile ilikuwa sauti ya mke wangu, ambayo nilikuwa sijaisikia tangu alipoondoka. Alikuwa akisema, "Mama anasema hivi, mama anasema vile," mpaka mahali fulani, bila kubadili sauti, akasema, "Umekula lakini?"

Niliyajua maneno yale kuwa si ya mama yake. Bwana Mkubwa akauliza Bibi amesema nini. Nikamjibu kwamba Bibi anauliza kama Bwana amekula. Akasema bado, na muhogo ukaletwa, na mtu aliyekuja kuamua habari za shamba lile akaanza kwa kula kilichotoka humo.

Kisha mkwe wangu akasema neno lake, nami nitalirudia kama nilivyolipata kupitia ukutani. Alisema, "Mwambieni kwamba mgeni wake sijamkataa. Lakini walikuja na kamba wakampangia pa kulala, wala mwenyeji hakuulizwa. Kama wangeniuliza, ningewaonyesha konde langu ng'ambo ya kijito. Nimelipumzisha, udongo wake ni mzuri, na jua hulipiga kutwa. Pamba ikae kule. Na mimi nitaipalilia, isije ikasemwa mgeni aliteseka kwangu."

Bwana Mkubwa akavuka kijito. Akachota udongo, akaufinya, akatazama jua. Aliporudi alisema kwamba waliopima mara ya kwanza walipima vibaya, na vile vijiti chini ya kilima viondolewe. Ndivyo alivyosema, na sisi tukakubali kwamba walipima vibaya. Askari mwenyewe ndiye aliyeving'oa, akavitia kwapani, akamwomba Mwaija moto, akavichomea palepale.

Jamani, mimi ni mtu mzima, lakini nilikaa chini nyuma ya jiko lile, nikalia. Nilikuwa nimebeba jambo lile mwezi baada ya mwezi, nikilala nalo na kuamka nalo. Lilipotua, mwili wote uliuma kama wa mtu aliyetoka safari ya upagazi.

Basi natoa shukrani. Nakushukuru, Mzee Habakuki, kwa ubishi wako, na Mungu asikuponye. Nawashukuru akina mama wa Korogwe ambao hawakuwa na mchele. Nakushukuru, Simeo, na wote mlioketi ukingoni mwa shamba bila kuinua sauti wala jembe. Namshukuru Bwana Mkubwa kwa kuja mwenyewe, maana angeweza kutuma wengine. Majumbe wenzangu, tukirudi barazani tusinyooshe mikono huku tumesinzia. Maneno tunayoyapitisha kule kuna watu wanayaamini.

Mkwe wangu, nawe nakushukuru, nikiwa bado nimelitazama ghala hili. Sina zaidi ninaloruhusiwa kukuambia.

Nilitaka kumaliza kwa kuwaambia kwamba shamba limesalia na kila kitu ni salama, lakini hadi jana nisingeweza kusema hivyo. Shamba lilikuwa limesalia, nyumba yangu ilikuwa bado tupu, na sikumtuma mtu kwenda kuuliza, kwa kuwa niliona sina haki ya kuuliza. Leo alfajiri niliamshwa na mchi. Mtu alikuwa anatwanga uani kwangu. Sikuinuka, sikuita, hata kugeuka niliogopa. Nililala pale pale nikasikiliza mpaka kukapambazuka.

Nanyi mmenisikiliza hivyo hivyo, kwa subira ambayo sikuistahili. Ahsanteni sana. Karibuni tule.